Wa Kwanza Kushuka, wa Mwisho Kupanda

Machimboni wananiita Mzee Pilipili, na sikatai. Jina langu hasa ni Salmini. Babu yangu alitoka Pangani akaifuata reli mpaka Shinyanga, akafungua duka la nguo. Baba akalirithi. Mimi nilikataa kukaa nyuma ya meza nikipima vitambaa na kutabasamu kwa watu nisiowapenda. Ndevu zilipoanza kuota nikaenda Geita kuchimba dhahabu, na tangu hapo sijafanya kazi nyingine. Sasa nina miaka hamsini na nane. Nina nyumba Kagongwa, mke mmoja, watoto wanne, na nyundo ambayo simuazimi mtu.

Nyundo ndiyo kazi yangu. Mimi ni mgonga mwamba. Shimo letu tunaliita duara, lina mita arobaini kwenda chini, halafu njia inakata kwenda pembeni kufuata jiwe lenye dhahabu. Kabla watu hawajaingia, lazima mtu agonge dari na kuta kwa nyundo. Mwamba mzima unalia vizuri, sauti kali, ya juu. Mwamba uliopasuka kwa ndani unaitika kizito kama mtungi mtupu, na ukiusikia hivyo unaondoka hapo, unaita wenye mitaimbo wauangushe wakiwa wamesimama mbali. Hakuna mashine. Ni nyundo na sikio.

Na kuna utaratibu ambao niliukuta na nitauacha. Mgonga mwamba hushuka wa kwanza, peke yake. Akiridhika anavuta kamba mara mbili, na Maduhu, kijana wa winchi aliye juu, anaanza kuwashusha wengine. Asipovuta mara mbili hashuki mtu, hata mwenye duara. Jioni mgonga mwamba hupanda wa mwisho. Wenzake sita wanavutwa mmoja mmoja, yeye anasubiri chini penye jiwe moja bapa tulilolifanya kiti. Kusubiri huko huchukua kama nusu saa. Miaka yote nilikuwa nautumia muda huo kufikiria chakula.

Sasa nieleze nilivyoanza kufikiria mambo mengine, maana sikuanza kwa hiari.

Ilikuwa arobaini ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, Zamoyoni. Mumewe, Masalu, ni Msukuma wa Tinde, kijana mpole, na mimi ndiye niliyemfundisha kazi ya chini. Nyumba ilijaa watu. Nilikuwa nimekaa mkekani, Zamoyoni akaja upande wangu wa kushoto, akainama, akasema kitu. Nikatikisa kichwa. "Nimesikia," nikamwambia. Akaenda. Baada ya muda akarudi, akanigusa bega, akasema tena. Nikamgeukia mbele ya wageni wote: "Nimesikia! Mara ngapi? Mimi mtoto wa chekechea?"

Kumbe alikuwa ananiambia shehe yuko uani, amemaliza kutawadha, ananisubiri mimi babu wa mtoto ndipo aanze dua. Alisubiri dakika ishirini na ubani umeshawashwa. Zamoyoni alikwenda kulia jikoni, siku ya mtoto wake.

Mke wangu, Mwaisha, hakunisemesha siku mbili. Mwaisha akigomba najua la kufanya, nagomba zaidi. Akinyamaza sina dawa. Siku ya tatu aliniwekea chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Baba Zamoyoni, sikio la kufa halisikii dawa, lakini nitakupa hii ya mwisho."

"Haya, lete."

"Kila siku, ukiwa umetulia, jiulize mawili tu. Leo nimemkaripia nani? Na dakika moja kabla ya kumkaripia, kulikuwa na nini?"

"Basi?"

"Basi. Usiniletee majibu, sitaki hadithi zako. Jiulize mwenyewe. Na usipojiuliza nitajua. Nitakwenda kwa kaka yangu Shinyanga, na safari hii usije kunibembeleza na kitenge."

Nilicheka, lakini niliogopa. Tumeishi miaka thelathini na moja, na Mwaisha hajawahi kusema atafanya kitu asikifanye.

Basi nikaanza, pale kwenye jiwe la kusubiria, tochi kichwani, wenzangu wakipaa mmoja mmoja. Siku za mwanzo nilikuwa najidanganya tu. Leo nimemkaripia nani? Maduhu. Kulikuwa na nini? Maduhu ni mjinga. Nikaona nimemaliza, nikarudi kufikiria chakula.

Lakini swali la pili lilikuwa baya. Halikuuliza nani ana makosa. Liliuliza kulikuwa na nini. Nikaanza kukumbuka vitu vidogovidogo. Maduhu alikuwa anazungumza huku amenipa kisogo. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka Kagongwa alikuwa anaongea mbele, upepo unapuliza. Mama muuza nyanya, mwenye sauti ndogo, nilimwambia asinung'unike kama hataki kuuza, na yule mama wala hakuwa ananung'unika, alinitajia bei. Nikamkumbuka hadi usingizi ukanipotea. Nilianza kujiona, na sikumpenda niliyemwona. Mtu anakusemesha, wewe unatikisa kichwa, unasema "nimesikia", halafu mambo yakienda kombo unakuwa mkali ili asiulize. Hiyo "nimesikia" ilikuwa mdomoni mwangu kila saa. Katika maisha yangu yote sikumbuki kumwambia mtu arudie alichosema.

Wiki ya tano ikaja siku ya Masalu.

Masalu alikuwa na tabia ya kupita nyuma yangu na kinyundo chake, akigonga nilipokwisha kugonga mimi. Mwezi mmoja kabla ya arobaini ya mtoto nilimwona, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe unanipima? Nani alikufundisha? Kuanzia leo nisikione hicho kinyundo." Mkwe wangu akainamisha macho. "Samahani, baba," akasema, akakichomeka kiunoni. Hakugonga tena.

Siku hiyo nikiwa kwenye jiwe nilimkumbuka, nikamuuliza Salmini lile swali la pili. Dakika moja kabla ya kumkaripia, kulikuwa na nini? Kulikuwa na mkono wake begani kwangu. Nilishtuka na kugeuka, nikamwona na nyundo mkononi. Mbona aliniwekea mkono? Mkwe hamgusi baba mkwe ovyo, si kwao, si kwetu. Alinigusa kwa sababu aliniita nikakaa kimya. Zamoyoni alinigusa bega pia. Na wote wawili walisimama kushoto.

Juu kamba ilikuwa inampandisha mtu wa sita, nimebaki peke yangu. Nikachukua nyundo, nikasimama, nikaziba sikio la kulia kwa kidole, nikaupiga ukuta. Niliona vumbi likiruka. Nilihisi pigo kwenye kiwiko. Sikusikia kitu. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi, kimya, kama mtu anapiga pamba. Nikazibua sikio la kulia nikapiga hapa, nikapiga pale, nikapiga mahali ninapojua kwa macho pana ufa. Nilisikia ko, ko, ko, mbali, kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu. Zote zilikuwa sawa. Mzima na mbovu, sawa.

Miaka thelathini na nane ya baruti na kompresa. Nani alinidanganya kwamba sikio halichakai?

Nilisikia moyo, huo niliusikia vizuri. Nilianza kuhesabu nyuma. Njia ya mashariki niliipitisha lini? Na ile kona ambapo mwenzetu Kalisti anapumzika na kahawa yake? Na sehemu mpya, ile ambayo Jumatatu walikuta mshipa wa dhahabu baada ya miezi mitatu ya kuchimba mawe matupu, ambapo kesho wote sita wangeingia kwa furaha? Nilikuwa nimeigonga asubuhi ile ile, nikavuta kamba mara mbili. Nilikuwa nimegonga kwa mazoea na kujijibu mwenyewe. Na mtu pekee aliyekuwa ananihakikishia, nilikuwa nimemnyang'anya nyundo.

Kamba ikashuka. Nikapanda. Juu kulikuwa na jua, Masalu akanipokea kofia yangu ngumu, akaniuliza jambo. Nikasema, "Nimesikia."

Sitaki kujipamba. Niliogopa kusema. Mgonga mwamba asiyesikia ni nani? Ni mzee anayeokota makopo pale senta. Nilifikiria watakavyonitazama. Nilifikiria Bartholomeo, mwenye duara, mtu wa Bukoba, mwenye maneno ya kuchoma. Nyumbani Mwaisha aliandaa wali na dagaa, nikala matonge mawili. Nilipomtazama akiongea nikagundua kwamba namtazama midomo, na kwamba nimekuwa nikimtazama midomo kwa muda mrefu. Yeye akadhani nimeanza mapenzi uzeeni. "Una nini leo?" akauliza. Nikamwambia nimechoka.

Asubuhi nilifika duarani. "Shikamoo, mzee," akasema Maduhu, nikamwitikia marahaba. Vijana walikuwa wanataniana, kila mmoja ameshaitumia dhahabu kichwani, huyu pikipiki, huyu mahari. Masalu alisema angemtengenezea mtoto kitanda cha mninga. Nikapitisha mguu kwenye kitanzi, Maduhu akanishusha.

Chini niligonga kila mahali. Nilisogeza sikio la kulia karibu na mwamba mpaka mchanga ukaniingia shingoni. Niligonga sehemu mpya mara kumi, mara ishirini. Ko, ko, ko. Jasho lilikuwa linanitoka na chini kuna baridi. Nikarudi kwenye kamba, nikaishika. Mkono wangu umezoea, jamani. Umevuta mara mbili kila asubuhi kwa miaka, na ulitaka kuvuta. Nikajiambia labda ni salama. Jana ilikuwa salama, juzi ilikuwa salama, nani amekufa? Nikajiambia nitavuta leo, kesho nitaenda hospitali. Halafu nikaiona kesho yenyewe, Zamoyoni na mtoto mgongoni, anauliza kama baba yake aligonga kweli.

Nikavuta mara moja, mvuto mrefu. Maana yake nipandisheni.

Bartholomeo alikuwa wa kwanza kunifuata nilipotoka. "Vipi, mzee? Kuna nini chini?"

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama kuna kitu au hakuna. Sisikii nyundo."

Mmoja akacheka, akadhani ni utani wangu wa pilipili. Nikamwambia, "Sitanii. Sikio la kushoto limekufa. La kulia linasikia kugonga tu, haliwezi kutofautisha. Nimegundua jana."

"Na limeanza lini?" akauliza Bartholomeo.

"Hilo ndilo linaloniua. Sijui."

Kalisti, ambaye tumechimba naye miaka saba, aliweka beleshi chini. Akazungumza polepole, akinitazama usoni, kwa hiyo yote niliyapata. "Kwa hiyo juzi ulipovuta kamba, na mimi nikashuka."

"Nilivuta."

"Na jana."

"Na jana nilivuta."

Akavua kofia yake, akatema mate pembeni, akaenda kukaa mbali na sisi. Afadhali angenitukana. Bartholomeo yeye alisema mengi, na mengi sikuyasikia, lakini mikono yake niliielewa. Mshipa umepatikana Jumatatu, leo Alhamisi mzee anakuja na masikio. Nilimwacha amalize.

Masalu ndiye aliyesogea. "Nitashuka naye," akasema.

"Nani atagonga?" Bartholomeo akauliza.

"Mimi. Nilifundishwa na yeye."

Tukashuka, mimi kwanza, yeye akafuata. Alitoa kinyundo chake kiunoni. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anakibeba. Tulikwenda moja kwa moja sehemu mpya. Akaanza kona ya chini, akapanda ukutani, akavuka dari, kwa mpangilio niliomfundisha, kiganja baada ya kiganja. Mimi nilikaa namtazama uso. Ilichukua kama robo saa. Akageuka, akanyoosha kidole gumba.

"Inalia, baba. Yote. Safi kabisa."

Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha. Lakini nikwambie ukweli wangu wote, kwa sababu ndivyo nilivyojizoeza, ndani yangu kulikuwa na sauti nyingine ikisema, mpumbavu wewe, umejivua nguo mbele za watu bure. Ungevuta tu. Wasingejua. Niliisikia vizuri sauti hiyo na nikaitambua ni yangu.

Akagonga njia ya mashariki, safi. Akagonga kona ya Kalisti, safi. Tukarudi chini ya shimo ili tupande, nikakaa kwenye jiwe langu. Masalu akawa bado anagonga, juu ya kichwa changu, kwa kumalizia tu. Mahali pale nilipapitisha wiki mbili zilizopita, baada ya mvua. Mahali pale wote sita husimama kila jioni, na mimi hukaa.

Akasimamisha mkono. Akagonga tena, taratibu, akasogea nusu hatua, akagonga mara ya tatu. Mimi sikusikia chochote cha ajabu. Niliona uso wake. Nimewahi kuuona uso wa namna ile Geita, kwa mtu mwingine, mwaka ambao sipendi kuuzungumzia.

Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaninyanyua kama mtu anavyomnyanyua mgonjwa kitandani, akanisogeza hatua tatu pembeni, mgongo ukutani. Kitanzi cha kamba kilikuwa kinaning'inia katikati. Akakivuta kikaja upande wetu, akaniwekea mguuni.

"Hapana," nikamwambia. "Mgonga mwamba anapanda wa mwisho."

"Ndiyo, baba," akasema, midomo yake karibu na uso wangu. "Panda."

Nilielewa. Nilitaka kumkaripia, nikajiuliza kabla ya kufungua mdomo kulikuwa na nini, na kulikuwa na hofu tu. Kwa hiyo nikashika kamba. Akavuta mara moja. Nikaanza kupanda, nikaiona tochi yake ikibaki chini, ikawa ndogo, yeye ameegemea ukuta.

Juu nilijitoa kwenye kitanzi nikapiga magoti ukingoni. Maduhu akaishusha kamba. Mita arobaini ni ndefu ukiwa huna sikio. Jiwe lingeanguka nisingelisikia. Mtoto wangu angepiga kelele nisingemsikia. Nikawa namtazama Maduhu, huyo niliyemwita mjinga, kwa sababu yeye ana masikio. Kama kuna kitu kingetokea kingeonekana kwanza machoni kwake. Macho yake yalikuwa kwenye kamba. Kamba ikatikisika. Akaanza kuzungusha winchi. Bartholomeo na Kalisti walikuja kumsaidia bila kuambiwa. Nilisoma dua ninazozijua zote na nyingine nikazichanganya.

Kofia yake ikatokea. Halafu mabega. Nikamshika ukosi wa shati, nikamvuta mpaka akawa amekaa kwenye udongo, hai, mchafu. Bartholomeo akachungulia shimoni, akarudi nyuma. Wiki nzima iliyofuata walilishughulikia lile jiwe la juu ya kiti changu kwa mitaimbo mirefu, na lilipoanguka lilijaza pale chini mpaka usawa wa kifua. Lakini muda ule hatukujua hivyo. Tulijua tu kwamba alipogonga pale juu paliitika kizito.

Masalu akafuta uso kwa mkono. Alikuwa amekaa kushoto kwangu. Niliona midomo yake ikisogea, maneno machache, macho yake chini. Ile "nimesikia" ikapanda yenyewe mpaka kwenye ulimi, kama kawaida yake. Nikaimeza.

"Sijasikia, mwanangu," nikasema. "Rudia."

Kalisti akageuka kunitazama. Masalu akainuka, akazunguka nyuma yangu, akaja kukaa upande wa kulia.

"Nilisema nilikuwa najua husikii, baba," akasema. "Tangu siku ile uliponikataza kugonga. Wewe ni mkwe wangu, na ulikuwa na hasira. Niliogopa kukwambia."

"Hilo nimelisikia," nikamwambia.